Buni

Kocha Oguttu hupima kila kitu:
mapigo ya moyo kwa kidole shingoni,
mizunguko kwa saa yenye kioo kilichopasuka,
na sasa, kahawa.
"Kilo arobaini na nane, Kerubo.
Vikombe viwili, vizito, bila maziwa,
saa nzima kabla ya bastola kulia.
Si sindano hii, usinitazame hivyo.
Hata wale wakaguzi huinywa
wakisubiri mkojo wenu."

Nilicheka. Siku sita kwa wiki
nakaa kwenye ghala la Eneo la Viwanda
nikichambua punje: mbovu kushoto, nzima kulia,
nzima kwenye gunia lenye jina la nchi yangu
na anwani ya nchi nyingine.
Narudi Mukuru jioni na vumbi lake nyweleni,
mbwa wa kwa Mutinda hupiga chafya nikipita.
Lakini nyumbani nakunywa chai,
maziwa mengi, sukari vijiko viwili,
kama mama yangu,
kama kila mtu niliyewahi kumwona akiichuma.

Jumapili, nje ya uwanja wa Nyayo, bado giza.
Baridi ya Julai inatafuna masikio.
Oguttu akafungua chupa yake ya moto,
akanipa kikombe cha plastiki, kikiwa na alama za meno
ya wanariadha waliotangulia.
Nikapuliza. Nikanywa.
Shubiri ina nafuu.

Wa kwanza kujibu ni tumbo.
Kwenye foleni ya vyoo tulisimama wasichana kumi na wawili,
kimya kama watu wanaongoja kuungama,
kila mmoja na ushauri wa kocha wake
unamzunguka ndani.

Kilomita ya kwanza, hakuna kitu.
Ya tatu, hakuna kitu. Nikasema nimedanganywa.
Ya saba, kile kilima cha Community.
Pale huwa nakutana na mwanamke fulani
anayeishi chini ya mbavu zangu bila kulipa kodi.
Huniambia: kaa chini, Kerubo,
miguu ni yako, nani aliyekutuma?
Siku zote hufika kabla yangu.
Leo alichelewa.
Na alipofika, sauti yake ilitoka mbali,
kama redio ya jirani nyuma ya mabati,
unajua anasema kitu,
hujui ni kitu gani.

Miguu iliuma, nisiseme uongo.
Kahawa haikunipa mguu wa tatu.
Maumivu yalikuwepo, yote, yamekaa,
ila mtu alikuwa ameyasogezea kiti nyuma kidogo
nikapata pa kupita.

Nilikuwa wa nne.
Waliolipwa ni watatu.

Oguttu akaandika muda wangu kwenye kiganja,
akasema sekunde arobaini si mchezo,
akanikopesha nauli.

Saa nane usiku macho yangu makavu kama punje za juzi.
Mwili umelala, moyo haujaambiwa,
unazunguka uwanja peke yake
bila mtazamaji, bila kengele ya mwisho.
Nikahesabu mabati. Nikahesabu misumari ya mabati.
Ilipogonga kumi nikampigia mama,
najua saa hiyo amekwisha washa moto.

"Mama, nimekunywa kahawa."

Kimya. Jogoo akawika ndani ya simu.
Mwanamke aliyechuma miaka thelathini na miwili,
aliyebeba debe baada ya debe hadi kiwandani,
akarudi na kikaratasi kinachosema malipo yatafuata,
akauliza polepole,
kama anayeulizia habari za tajiri
aliyemfulia nguo maisha yote
asimwone uso:

"Ina ladha gani?"

"Chungu, Mama."

"Mh," akasema. "Basi ni ileile."

Kisha akaniuliza kama nimekula.